Gurudumu Nililolipamba

Gurudumu lilikuwa limechakaa, nami kabla ya kulituma Ulaya nikalipiga tupa na msasa mpaka likang'aa kama kikuku cha biharusi. Huo ndio ujinga wangu mkubwa kazini; ule mdogo mdogo sikuuhesabu.

Nilikuwa opereta wa jumba la sinema Ngamiani. Gurudumu lenyewe ni lile dogo lenye meno, yanayoingia kwenye matundu ya mkanda na kuuvuta mbele ya taa. Meno yakilika, picha inarukaruka na mkanda unachanika. Spea hazikuwapo. Miaka ile sabuni tu tuliipangia foleni, nani angeagiza gurudumu?

Bahati, nilikuwa mwanachama wa chama cha kimataifa cha mafundi wa sinema. Tajiri wangu, mzee wa Kihindi mwenye jumba, ndiye aliyeniandikisha, nami nilikipenda kwa sababu kilinifuata nyumbani kwa posta. Makao makuu wakajibu: mwenzetu mmoja yuko Mombasa, ana mashine kama yako, lichukue gurudumu ukaonane naye. Mpaka wa kwenda huko ulikuwa umeshafunguliwa tena. Lakini mimi, nikifika Muheza tu kununua machungwa, narudi kichwa kinaniuma. Nikawaandikia kwamba afya hainiruhusu, wanichongee jipya kwa mfano wa langu. Nikalipamba, maana kwetu kitu hakiendi ugenini kichafu, nikalitia posta.

Tukingali tunangoja, biashara ikafunguliwa. Mchele wa nje ukaanza kushuka bandarini, na tajiri akaanza kuupima ukumbi kwa hatua.

"Bwana fundi," akaniambia, "nakupa mpaka Idi. Picha isipotembea, hapa naweka mchele. Mchele hauchaniki."

Wala hauhitaji opereta. Hilo hakulisema, nililimalizia mwenyewe njiani.

Langu likarudi pamoja na jipya, na hilo jipya zuri, halina kosa: limefanana kabisa na langu nililolipiga tupa, meno membamba kama ya panya. Mkanda ukapwaya, picha ikacheza ngoma. Nikaandika tena, safari hii bila habari za afya.

Chama kikampelekea habari yule mtu wa Mombasa. Juma la mwisho la Ramadhani akashuka basi, gurudumu lake la akiba kalikunjia ndani ya kanzu. Akaliweka kiganjani, akaweka na la kwangu la zamani, akayatazama.

"Mwenzangu, hili mbona umelinyoa?"

"Nilitaka lipendeze."

"Limpendeze nani? Wale walitaka kuona limelika wapi. Umewapelekea maiti keshaoshwa, kisha unataka wakuambie kilichomuua."

Akafunga lake kwenye mashine, picha ikatulia. Siku ya Idi watu walijaa mpaka ngazini, na tajiri akatafuta pengine pa kuweka mchele. Mgeni akaniachia gurudumu lile kwa sharti moja: nikipata jingine, hilo nimrudishie Mombasa kwa mkono wangu.

Idi pili tulikula pilau kwangu. Jirani yangu, mama muuza mbaazi, akaingia kumsalimia mgeni, akamkuta ananiuliza maradhi yangu yanaendeleaje, maana makao makuu walimwambia mimi mgonjwa. Mama akaweka sahani chini.

"Mgonjwa wapi, baba? Wazungu wamechonga chuma, nawe umevuka mpaka na saumu yako, kisa huyu hataki kupanda basi."