Msusi Aliyeruka Uzio

Msusi wa timu hajawahi kushika gongo la besiboli. Kila Jumamosi hufunga saluni yake huko West Side, Chicago, akapanda basi pamoja na wasichana weusi wa mtaa, kitana kimechomekwa kichwani, vidole vinanukia mafuta ya nazi. Huongea na pini mdomoni, na bado wote humsikia. Siku ile walikwenda kucheza kwenye vitongoji vya wazungu. Wao waliozoea changarawe na vigae vya chupa wakakuta nyasi kama zulia. Zamu ya mmoja wao, Jerica, kupiga ilipofika, helmeti ikagoma kuingia. Nywele zake, alizoziachia kwa maringo, zilikuwa zimefura kama wingu.

“Bila helmeti hapigi,” mwamuzi akasema. “Nampa dakika tano.”

Mtu jukwaani akacheka. “Hizo si nywele za besiboli!”

Machozi yakamlenga Jerica. Msusi alikuwa ameshauruka uzio.

“Kaa, mwanangu. Inamisha kichwa.”

Vidole vikakimbia kichwani, vyepesi, bila kumuumiza.

“Unanisuka mtindo gani, shangazi?”

“Twende kilioni.”

“Kwani nani analia?”

“Wao. Haya, nenda!”

Helmeti ikakaa sawasawa. Mpira wa kwanza Jerica akauacha upite. Wa pili akautandika, ukapaa juu ya uzio, ukapita magari yaliyoegeshwa, ukapotelea huko. Akazunguka vituo vyote vya uwanja na kupata pointi, akicheka, wenzake wakamrukia, na katikati ya vigelegele akamwona msusi amesimama juu ya benchi, akimnyooshea mwamuzi kidole.

“Andika, baba! Andika hiyo!”