Sauti ya Mkamwana Redioni

Tulia aliijua sauti ya mfupa wa mtu ukivunjika kabla hajauona mfupa wenyewe. Aliisikia akiwa amekaa kwenye kiti chenye mto, ofisini, mtaa wa Bagamoyo, pale mjini Tukuyu, chai yake ikipoa mezani. Redio koli ndiyo iliyomletea.

Huyu mama alikuwa mtu wa simu tangu usichana wake. Miaka tisa alikaa kwenye swichibodi, akichomeka na kuchomoa waya, akijua nani anamtafuta nani kabla mji haujajua. Kisha likaja soko huria, na mashine mpya zikafanya kazi ya watu saba. Tulia akapewa barua, mkono wa kwaheri na soda moja ya machungwa. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kampuni ya watu binafsi iliyokuwa imeanza kununua majani mabichi ya chai kwa wakulima, akawaambia, "Mna simu, mna faksi, mna redio vituo vinne, na hakuna mtu humu anayejua kuvifanya vizungumze." Wakamwajiri siku hiyohiyo.

Na kweli akavifanya vizungumze. Mkurugenzi akipiga simu kutoka Dar es Salaam akimtaka karani wa mizani kule Lufingo, Tulia alibana mkono wa simu kwenye spika ya redio, akashikilia hapo mpaka bega linamuuma. Baadaye Alawi, fundi redio wa Makandana, mzee wa kofia na maneno matamu ya pwani, akamtengenezea kisanduku chenye swichi moja. Ukiisukuma juu, simu inaingia redioni, na mtu wa Dar anaongea na mtu wa shambani kama wamekaa benchi moja.

"Haya bibie," Alawi alimwambia siku alipokifunga. "Sasa hakuna asiyepita mkononi mwako."

Soko huria hilohilo lilileta kampuni ya pili. Wakulima walikuwa walewale na majani yalikuwa yaleyale, ila magari ya wanunuzi sasa yalikuwa mawili, yanakutana kwenye barabara nyembamba zenye utelezi. Kwanza ilikuwa matusi. Kisha matairi yakachanwa. Kisha dereva akavunjwa taya kwa spana mbele ya akina mama wenye vikapu vya majani mgongoni. Wale wapinzani wakakodi vijana kutoka mjini Mbeya, wakawapakia kwenye pikapu ya bluu na mapanga na nondo. Na wa upande wa Tulia nao hawakuwa malaika; walimfunga karani wa wenzao kwenye mti wa mparachichi wakamchapa mpaka akajinyea. Asikudanganye mtu kwamba ile ilikuwa biashara. Ilikuwa vita, na Tulia aliipokea yote kwa masikio, kituo baada ya kituo, tangu asubuhi hadi jioni.

Sasa, kule Lufingo kibanda cha kupokelea majani kilikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa karani, Asajile. Mwingine alikuwa mlinzi, mzee Ambindwile, na huyo alikuwa baba wa Andongwisye, mume wa Tulia.

Hapo ndipo penye kazi. Mke wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, wala hatamki jina lake. Wenyewe wanaita ukutila. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kuipuuza, lakini si mzee yule, na si Tulia. Miaka kumi na mmoja ya ndoa alikuwa hajalitamka jina la mkwewe hata chumbani. Alimwita babu yake Ikupa, kwa jina la binti yake. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja alikatiza kwenye migomba.

Redio ilipofungwa Lufingo, mzee alikuta sauti ya mkamwana wake inatoka kwenye boksi ukutani. Akafanya lililompasa. Kila Tulia alipoita, mzee alichukua fimbo yake, akatoka nje, akasimama kando ya barabara akiwa amekipa kibanda mgongo mpaka aitwe.

"Dada, mkweo katoka tena," Asajile alizoea kumwambia akicheka. "Mvua inamnyeshea huku, fanya haraka."

Tulia naye alicheka. Alimpenda mzee yule kwa heshima hiyo. Mara ngapi mtu anaheshimiwa na baba mkwe kiasi cha mzee mwenyewe kukubali kuloweshwa na mvua?

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Lazaro, karani wa kituo cha juu, na ilikuja kwa kilio.

"Tukuyu! Tukuyu! Wamenikata mkono, dada. Kibanda wamekichoma. Wanashuka Lufingo, wamesema wakimkuta mtu wanaua!"

Tulia alibonyeza kitufe bila kufikiri.

"Lufingo, Lufingo, Tukuyu hapa. Asajile, jibu haraka!"

Kimya. Aliita tena, mara tatu, kisha akakumbuka. Asubuhi ile Asajile alimwambia anateremka bondeni kusaidia kunasua trekta kwenye tope. Kibandani alibaki mtu mmoja. Na mtu huyo, kwa neno la kwanza tu la Tulia, alikuwa ameshika fimbo yake na kutoka. Tulia alimwona kwa moyo kama yuko mbele yake: mzee amesimama kando ya barabara, barabara ileile wanayoshuka nayo wauaji, anaangalia pembeni kwa adabu.

Alipiga simu polisi, wakasema wanatoka sasa hivi. Lakini kutoka mjini hadi Lufingo ni mwendo, na pikapu ilikuwa imeshatangulia. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake. Jina lilikuwa mdomoni. Angepiga kelele "Ambindwile, kimbia!" mzee angeshtuka hadi kwenye unyayo, angegeuka japo kwa hasira, na akigeuka angesikia. Tulia alilijua hilo. Alifungua mdomo, na mdomo haukutoa kitu.

Badala yake alipiga simu kwa Alawi, kwa sababu karakana ya Andongwisye, aliyekuwa seremala, ilikuwa ukuta kwa ukuta na ya fundi huyo.

"Niitie mume wangu! Mbio, Alawi, wanamuua baba yake!"

Alawi aliutupa mkono wa simu juu ya meza akakimbia. Alawi mwenyewe alikuwa na mdomo na hakuwa mkwe wa mtu yeyote. Angesukumiwa swichi tu akasema. Hilo lilimjia Tulia baadaye, na tangu limjie halijamtoka. Wakati ule aliona jambo la mzee lina mwenyewe. Akasubiri akiitazama saa ya ukutani. Dakika nne, kumbe seremala alikuwa ametoka kununua misumari.

"Kuna nini?" Andongwisye alihema kwenye simu.

"Mwambie babu yake Ikupa akimbilie shambani! Sema!" Akaisukuma swichi juu.

"Tata! Tata, ni mimi Andongwisye! Unanisikia?"

Kule Lufingo mzee alisikia sauti ya mwanawe ikitoka kwenye boksi. Akarudi ndani. Redioni ikasikika fimbo ikiegemezwa ukutani, kisha sauti yake yenyewe, ya furaha, kidole gumba kimebana kitufe kama Asajile alivyomfundisha.

"Ndaga, mwanangu. Ugonile? Mmeamkaje huko? Ikupa mzima? Na mama yake mzima?"

Salamu hairukwi. Mzee alisalimia kama anavyosalimia mtu wa Rungwe, nyumba nzima, mmoja mmoja, na kwenye redio koli aliyebonyeza kitufe hasikii kitu. Andongwisye alipiga kelele hadi akakauka koo. "Kimbia tata! Acha kitufe! Kimbia!" Maneno yote yaliishia kwenye kisanduku cha Alawi.

"Na maseremala wenzako, hawajambo?" mzee aliuliza, na nyuma yake gari likafunga breki.

Kidole hakikuachia. Pengine kilikaza kwa hofu. Vituo vyote vilisikia mlango ukivunjwa, kicheko, tusi la mama, na nondo ya kwanza. Walisikia mguu wa kwanza ukivunjika. Walisikia wa pili. Mzee aliita jina la mwanawe mara mbili, na mwanawe alikuwa kwenye simu upande wa pili akilia kama mnyama, wakati Tulia yuko katikati yao akiwa ameshika waya wa kila mmoja. Kisha panga likatua, na redio ikanyamaza.

Vijana wawili kati ya wale walikamatwa na wanakijiji darajani. Sitasimulia walivyofanywa, pikapu iliungua siku mbili, na polisi walipofika walikuta kazi ya kubeba tu.

Mzee hakufa. Asajile alimkuta chini ya meza ya mizani, akamleta hospitali ya Makandana kwa trekta, miguu yote miwili imevunjika, mkono wa kulia hauna kiganja. Na mji mzima ukaanza kumsifu Tulia. "Yule ndiye mkamwana," wanawake walisema sokoni. "Hata siku ya damu hakulitamka jina la mkwewe." Kila sifa ilimchoma. Alitamani wamtukane.

Siku ya tatu alipeleka uji. Alifanya kama ipasavyo: alisimama koridoni, nyuma ya pazia la mlango wa wodi, akamsemesha muuguzi kwa sauti ya chini.

"Naomba umpe mzee wa kitanda cha pembeni, dada. Ni wa moto kidogo."

Ndani ya wodi kitanda kikalia. Kikalia tena. Muuguzi akageuka, akapiga ukelele. "Mzee! Mzee, unakwenda wapi?"

Tulia alivuta pazia. Mzee alikuwa amesikia sauti ya mkamwana wake, naye alikuwa anatoka nje. Miguu yote ilikuwa kwenye plasta, na kwa mkono mmoja uliobaki alijikokota kuelekea ukingo wa kitanda, jasho likimtiririka, uso ameugeuzia ukutani, anaipapasa fimbo ambayo haikuwepo.

Bakuli lilianguka, uji ukamwagika sakafuni. Tulia alikimbia akamshika mabega kwa mikono yote miwili, mbele ya wodi nzima.

"Ambindwile!" alipiga kelele, kelele ileile ya Alhamisi iliyomkwama kooni. "Ambindwile, usitoke! Ambindwile!"

Mzee aligeuka, akamtazama mke wa mwanawe usoni kwa mara ya kwanza maishani. Kisha akauegemeza mgongo wake mikononi mwa Tulia, naye akamlaza.