Mama Mizani

Wapangaji wote wa jengo lile humwita Mama Mizani, na mumewe, mstaafu mwenye presha yake, hajawahi kuwabishia. Kila jioni humtazama mkewe akivaa miwani, akiweka samaki wa kuchemsha kwenye mizani ndogo ya jikoni, akibandua kipande kama ukucha, kisha akipima tena. Chumvi haikaribii, mafuta ndiyo kabisa, maana moyo wa mbwa wao umetanuka na daktari wa mifugo ameonya. "Njoo ule, mwanangu," humbembeleza mbwa. Mumewe husukumiwa soseji za jana, zilizoogelea mafutani mpaka zikakata tamaa. "Na wewe kula." Kisha huenda chumbani kutafuta vidonge vya mbwa. Akirudi, sahani zote mbili ni nyeupe pe, naye roho yake hutulia.

Jana daktari huyo alimpima mbwa mbele yao wote wawili, akatikisa kichwa. Kilo tatu zimeongezeka, na moyo unakwenda mbio kama wa mwizi. "Mama, huyu mafuta anayapata wapi?"

"Mafuta! Daktari, napima kila gramu! Soseji hata harufu yake haijui!"

Kusikia soseji, mbwa alijikokota hadi chini ya kiti cha mzee, akaachama, akangoja.

Mama Mizani alivua miwani. Akautazama mkanda wa mumewe, uliokazwa matundu matatu zaidi.

"Kwani wewe samaki uliandikiwa na nani?"

"Na daktari wangu, mwaka jana," mzee alijibu. "Nilikuambia. Ukaninyamazisha, ulikuwa unapima."