Peking Si Mbali

Melkizedek alipanda ndege mara moja tu maishani, na sisi wa Mvumi tukailipia safari hiyo kwa masikio. Mwaka 1973 alikwenda Peking na wajumbe wenzake kuangalia mashamba ya pamoja. Aliporudi hakutuambia Wachina wanalima nini wala wanakula nini. Alichokishika ni umbali: Dar es Salaam hadi Peking ni kama maili elfu sita, ndege inatua Karachi, na saa zote za hewani ukizijumlisha hazifiki siku moja. Alisimulia kilabuni, akasimulia hata msibani maiti ikiwa bado ndani.

Mwaka uliofuata tukahamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya barabara, na msafiri wetu akawa mwenyekiti. Mashamba yalibaki tulikotoka, maili nne, mahindi yakiwa yanakomaa. Hildegarda, mjane mwenye watoto watatu, akaenda kumwomba ruhusa ya kulala kwenye dungu lake shambani mpaka avune, maana kwetu mahindi yasiyolindwa usiku ni ya nguruwe pori. Hakuwa na akiba nyingine. Melkizedek akacheka, akaokota kijiti, akapiga hesabu mchangani mbele ya watu.

"Maili nne, Ndugu Hildegarda? Kwa ndege hata nusu dakika haitimii. Ndiyo unayoiita mbali?"

Wapambe wake wakapiga makofi. Mimi nilitema mate. Kichwa kikubwa vile, na ndani mna kiti cha ndege tu! Aliyeiona nchi kutoka juu hajui kwamba maili nne zina miiba, zina matope, na zina mama aliyebeba mtoto mgongoni.

Basi Hildegarda akawa anatoka alfajiri na kurudi jioni, kwani mgambo walihakikisha kila mtu analala kijijini. Nguruwe hakuna aliyewahamisha. Wiki ya pili walilimaliza shamba lote, wakamwachia mabua.

Jioni ile hakulia wala hakwenda kushtaki. Aliwachukua watoto wake, akapiga hodi kwa mwenyekiti wakati ugali unaepuliwa, akaketi mkekani.

"Ndugu Mwenyekiti, shamba limeliwa lote. Tutakula hapa mpaka mavuno mengine."

Melkizedek akaanza kueleza habari za chakula cha msaada kitakachotoka Kilosa. Mkewe, Natalia, hakumngoja amalize. Aliwanawisha wageni mikono, akawapakulia wakashiba, na mumewe akamwekea ukoko. Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi, mpaka suruali ya mheshimiwa ikahitaji kamba. Watu walimcheka waziwazi, nami nilicheka kuliko wote. Huruma yangu ilikwenda kwa wale watoto, ambao msimu mzima walikula upesiupesi, macho chini, kama wezi, chakula ambacho mama yao alikuwa amekwisha kukilima.