Nililala Kwenye Mgahawa wa Chaza

Kaka yangu alikuja Morogoro kwa treni ya asubuhi, siku ya Jumapili, akatuchukua mama na mimi tukale chakula cha mchana kwenye mgahawa mpya wa samaki na chaza. Alikuwa ameusikia kwa wenzake wa kazini Dar es Salaam. "Leo hupiki," aliniambia kwenye simu. Nilitaka kumwambia kuwa kati ya kazi zangu zote kupika ndiyo nyepesi, lakini sikuwa na nguvu ya kuanza kueleza.

Mama alikuwa akiishi nami mwaka wa tano. Tulimtoa kijijini kwake Mgeta alipoanza kupotea kwenye njia za mashamba yake mwenyewe. Nikiwa shuleni nafundisha, jirani alimwangalia. Nikirudi nilimwogesha, nikamlisha, na usiku niliamka naye kila alipoamka kutafuta jembe lake. Kaka alipiga simu kila Jumamosi, na kwenye simu mama alijikaza. Aliitikia shikamoo, akauliza habari za wajukuu, akamwombea kwa Mungu. Kwa hiyo kila niliposema hali ni mbaya, kaka alinijibu, "Mbona anaongea vizuri? Umechoka tu, mdogo wangu."

Mgahawa ulikuwa mzuri bila majivuno. Meza za mbao tupu zilizong'arishwa, vitambaa vyeupe vya kufutia mikono, na dirisha pana lililotazama milima. Kulikuwa na watu waliotoka kanisani na wengine waliovaa kandambili. Mhudumu, mwanamke wa umri wangu, alimwamkia mama, na mama alipojua kuwa kwao ni Kinole akamsemesha Kiluguru. Kaka alitabasamu, akanitazama kama mtu aliyeshinda ubishi.

Aliagiza chaza, supu ya pweza na changu wa kuchoma. Chaza waliletwa kwenye sinia la barafu, na ndimu zilizokatwa pembeni.

"Haya mawe ya nini?" mama aliuliza.

"Siyo mawe, mama. Ni chaza, wa baharini."

"Wanaliwa?"

"Wanaliwa, tena wabichi."

Mama alimtazama kwa huruma. Halafu, kwa adabu ya mgeni asiyetaka kumvunja moyo mwenyeji, akapokea mmoja na kumtia mdomoni. Alikaa naye shavuni. Nilijua kinachofuata. Nikakinga kiganja chini ya kidevu chake, akatema. Nikafunga vile vitu kwenye kitambaa, nikamfuta mdomo, nikamnywesha maji, nikarudisha kanga yake begani. Nilifanya yote bila kufikiri. Nilipoinua macho, kaka alikuwa ameshika chaza wake hewani, hajamla.

Mama alinigeukia. "Asante, dada. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa kwako, mama."

"Hapana. Wangu ni mwalimu. Yuko shule, atarudi jioni."

Kaka aliweka chaza chini. "Huwa anakuuliza hivyo?"

"Kila siku."

Hakusema kwamba nimechoka tu. Alisogeza kiti chake, akakaa katikati yetu, akavuta bakuli la supu. "Wewe kula," alisema. "Nitamlisha mimi."

Nilikula chaza watatu. Walikuwa baridi na wenye chumvi, na nadhani niliwapenda. Kisha nikaegemeza kichwa kwenye mkono, nipumzishe macho kidogo.

Nilipozinduka barafu ilikuwa imekuwa maji, na watu wa meza ya jirani walikuwa wameshaondoka. Mtu alikuwa ameniwekea kitambaa kilichokunjwa chini ya shavu. Kaka alikuwa amekunja mikono ya shati, anatoa miiba kwenye changu kwa vidole, kipande kimoja kimoja, na mama anakula.

"Umelala karibu saa nzima," alisema.

"Mbona hukuniamsha?"

"Mama alinikataza. Alisema nimwache huyu dada, amefanya kazi tangu alfajiri." Aliweka kipande kingine kwenye sahani ya mama. "Alitaka kwenda msalani. Sikujua nifanyeje. Yule mhudumu ndiye aliyempeleka."

Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilidhani unatia chumvi," alisema. "Nisamehe."

Ningeweza kusema yameisha. Lakini nilisema, "Kuniomba radhi hakutamwogesha mama kesho asubuhi."

Hakukasirika. Aliendelea kutoa miiba mpaka samaki akaisha, ndipo akasema atakwenda kuzungumza na mkewe.

Nilidhani ni maneno ya mezani. Baada ya wiki tatu alirudi, akamchukua, na tangu hapo mama anakaa mwezi kwake, mwezi kwangu. Mwezi ule wa kwanza nililala kila nilipotoka shule, bila hata kubadilisha nguo. Kwa siku kadhaa sikumkumbuka mama kabisa, na hilo liliniuma kuliko uchovu wenyewe. Nilikuwa nimejilaza hivyo hivyo, na chaki bado mikononi, kaka alipopiga simu. Haikuwa Jumamosi. Alisema mama amekataa kuoga siku ya pili sasa, naye ameishiwa maneno.

Nilimwambia aanze na miguu, kwa maji ya uvuguvugu, na asimharakishe.

"Subiri," alisema. "Ngoja nitafute kalamu."