Mwaka Tamasha Lilipohama Avenyu Yetu

Kila mwaka, kiangazi kikikaribia kuisha, sisi wa mtaa wa Bwiza tulikuwa na siku yetu ya muziki. Avenyu yetu ilifungwa kwa matairi na kamba, na jukwaa likajengwa mbele kabisa ya lango letu, kwa kuwa njia ni pana kidogo pale na umeme wa sono, yaani spika na vipaza sauti, ulitoka nyumbani kwetu. Baba ndiye aliyeruhusu waya upite dirishani. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, mtu wa swala na maneno machache, na muziki hakuupenda, au ndivyo tulivyoamini. Siku ya tamasha alilalamikia makelele tangu asubuhi, halafu akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Waya hakuukataza hata mwaka mmoja.

Mimi niliimba katika kikundi cha wanawake wa mtaa, Waislamu na Wakristo pamoja: wauza vitenge, mwalimu mmoja, na mimi ninayefanya kazi famasi. Nyimbo tulitunga wenyewe, nusu Kiswahili, nusu Kirundi. Baba alijua. Hakunizuia, wala hakuniambia neno.

Mwaka ule, alfajiri ya siku ya tamasha, mama alikwenda kumwamsha aswali, akamkuta ameshatutoka. Presha ilikuwa imemsumbua kwa muda, lakini jioni ya kuamkia siku hiyo alikula vizuri, akawanung'unikia vijana waliokuwa wanagongelea mbao za jukwaa. Mama hakupiga kelele. Alikuja kitandani kwangu, akanishika mkono, akasema, "Njoo tumfunge baba yako kidevu."

Jua lilipochomoza nyumba ilikuwa imejaa. Waliokuja kutundika bendera za karatasi waliacha ngazi zao, wakaingia kutoa pole. Mwenyekiti wa komite ya tamasha, makanika ambaye gereji yake ilipakana ukuta na karakana ya baba, alikaa uani ameshika kichwa. Nilijua kinachomsumbua. Wanamuziki walikuwa njiani, wengine kutoka Gasenyi, wengine kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Kina mama wa mishikaki walikuwa wameshalaza nyama kwenye viungo. Na ruhusa ya kufunga njia ilikuwa ya siku ile tu.

Baba alizikwa baada ya adhuhuri. Jeneza lilipotoka langoni lilikuta jukwaa limeziba njia, kwa hiyo wabebaji wakapita kiubavu, kati ya mbao na mtaro wa maji machafu, bendera za rangi zikigusagusa kitambaa cha kijani kilichomfunika. Mtu mmoja aliyekuwa anaunganisha spika alivua kofia, akaingiza bega chini ya jeneza. Sisi wanawake tulibaki langoni tukitazama mpaka walipokata kona.

Waliporudi kutoka makaburini, makanika alikuja mpaka mlango wa chumba alimokaa mama na wanawake wenzake. Hakuingia. Aliongea akitazama chini, akasema mama akitaka, kila kitu kitasimama, na wageni atawaeleza yeye mwenyewe. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyejibu kwanza. Alisema baba hakuyapenda mambo haya akiwa hai, itakuwaje apigiwe ngoma mlangoni siku ya kuzikwa.

Mama akasema, "Mi sikatazi mutu kufurahi. Lakini hapa mbele ya mlango wangu, apana. Si leo."

Basi wakalibomoa jukwaa taratibu, wakitoa misumari kwa koleo ili nyundo zisisikike, wakalihamishia avenyu nyingine. Kaka aliuvuta waya dirishani akauzungusha mkononi, akawapa.

Muziki ulianza baada ya alasiri. Wasomaji wa Kurani waliokuwa uani waliinua sauti kidogo. Kikundi changu nilikuwa nimekiambia kiimbe bila mimi, na upepo ulipogeuka nilisikia ubeti wangu ukiimbwa na yule mwalimu, juu kuliko nilivyozoea kuuimba. Aliuimba vizuri. Nilijifunika mtandio usoni, na shangazi aliyekaa kando yangu akanipigapiga mgongo, akidhani namlilia baba tu.

Mama alipokuwa bado katika eda, siku moja nilimuuliza kama baba aliwahi kunisikia nikiimba.

"Kiti chake alikuwa anakisogeza karibu na dirisha," alisema. "Lakini joto la siku zile unalijua. Sijui, mwanangu. Sikumuuliza."

Afadhali angenidanganya.

Mwaka uliofuata komite haikurudi kwetu. Walikuwa wamepata nyumba nyingine ya kuwapa umeme, na labda waliona haya kutuomba tena. Hakuna aliyekuja kusema chochote. Lakini wanawake wa avenyu yetu waliokuwa wakiuza mishikaki na ndizi za kuchoma mbele ya milango yao walibaki bila wateja siku ile, na mmoja wao alimwambia mama bombani, mbele za watu, kwamba ni nyumba yetu iliyofukuza tamasha. Mama alichota maji yake akarudi. Tangu hapo hakukaa tena langoni jioni kama zamani.

Mimi nilikwenda kuimba. Mafuta yalikuwa adimu mjini, mabasi machache, na wale wa Gasenyi hawakufika. Mwalimu wetu alikuwa amehamia mtaa wa Kigobe, naye hakuonekana. Kabla ya zamu yetu umeme ukakatika, na jenereta haikuwa na petroli. Tuliimba hivyo hivyo, bila vipaza sauti. Walio mbele walitupigia makofi. Walio nyuma hawakusikia kitu, wakaanza kuondoka kabla ya magharibi, wakiwahi usafiri. Nilipofika kwenye ubeti wangu nilikuwa naimba nikitazama migongo.

Nyumbani nilimkuta mama uani anachambua lengalenga. Aliniuliza kama watu walikuja.

"Walikuja," nilisema. "Walijaa."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na mboga zake. Nikakaa karibu naye, nikamsaidia kutenga majani na vijiti. Mwaka huu, mazoezi yalipoanza, sikwenda.