Barakoa za Wageni

Mama inchaji wa wodi yetu pale Moshi alikuwa na ugonjwa wa akina mama wengi wa mlimani: kitu kizuri ni cha wageni, kama vikombe vya kabati la sebuleni. Barakoa nzito, zile za kubana pua zinazozuia kifua kikuu, alizifungia kabatini, ufunguo shingoni, akingoja wakaguzi. Sisi manesi tulivaa zile nyepesi. Nilimwomba mara tatu.

"Nazihifadhi, mwanangu. Wakija wageni tutavaa nini?"

Wageni walikuja, wakasifu. Mimi nikaanza kukohoa damu.

Nilimeza dawa miezi sita, nikapimwa, nikaambiwa nimepona. Mwezi uliofuata mama inchaji alitualika kwake Kibosho kwenye kipaimara cha bintiye. Kwetu kata ya kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi, ni moja, inapita mkono kwa mkono, na kumruka mtu ni kumtangazia kwamba si mwenzenu. Iliponifikia, aliidaka juu ya mikono yangu akampa aliyefuata.

"Huyu bado ana kifua," alisema, na watu wakacheka kidogo.

Nimeugua kwa uchoyo wake, halafu ananikwepa. Lile tusi nilishuka nalo mjini nikalilea, wala sioni haya kusema hivyo.

Miaka ikapita. Nikarudi shule, nikapewa kazi ya kusimamia kinga ya maambukizi kwa wafanyakazi wa hospitali ileile. Siku ya kwanza nilivunja kufuli la lile kabati. Barakoa nyingi zilikuwa zimepitwa na muda, ukivuta mkanda unakatika.

Mama inchaji alipokaribia kustaafu, akaanza kukohoa. Akasingizia vumbi. Nilimvalisha barakoa mbele ya manesi wote, nikamwambia atoe makohozi na akae nyumbani mpaka majibu yatoke. Kanuni ndivyo inavyosema, ila sauti niliyotumia ilikuwa yangu.

"Mwanangu, Jumamosi mnakuja kuniaga," alininong'oneza.

Nilijua. Majibu yalitoka Ijumaa mchana: hana kifua kikuu. Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Jumamosi nilimkuta uani kwake Kibosho, kitenge kipya, barakoa usoni, kiti chake kimewekwa peke yake pembeni ya turubai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Majibu?"

"Bado, mama."

Kata ikaanza kuzunguka. Ilimruka mwenye sherehe, ikaja kwangu. Nilikunywa taratibu, nikimtazama. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Alikuwa ameinamia mikono yake mitupu, na mimi nilisikia raha, raha kabisa.

Jumatatu nilimpelekea karatasi. Aliisoma, akamshukuru Mungu, akanishukuru na mimi. Kisha macho yakamshukia kwenye tarehe.

"Hii ni ya Ijumaa," alisema.

"Ndiyo, mama," nikamjibu. "Niliihifadhi."